Msimtishe Mtoto kwa Tabibu wa Meno

Enyi wazee wetu na vijana wetu, kurasa hizi zimezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi: sala ya mtoto, adabu yake, masomo yake na marafiki zake. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni namna mtoto apokewavyo anapofika kwa tabibu wa meno, na maneno anayoambiwa nyumbani kabla hajafika huko.

Huenda mtu akauliza: mwalimu wa chuo ana nini na meno? Jawabu ni kuwa hakuna atazamaye vinywa vya watoto kila siku kama mwalimu wa Kurani. Thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa hutoka pale mdomo wa chini unapokutana na meno hayo hayo. Mwalimu asiyetazama kinywa cha mwanafunzi wake hawezi kujua kosa limetoka wapi. Nasi tumekaa mkekani hapa Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini, tukitazama vinywa vya watoto, hata imekuwa twamjua mtoto kwa meno yake kama tumjuavyo kwa jina lake. Twamjua aliyeng'oka la mbele wiki hii, ambaye thaa yake inatoka na upepo, naye husamehewa mpaka jipya liote. Twamjua mwenye magego meusi. Twamjua atafunaye upande mmoja tu, na yule ajaye asubuhi shavu limefungwa kipande cha kanga, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Kila tunapomwuliza mtoto wa namna hii, "Je, umepelekwa kwa tabibu?" jawabu ni moja: "Naogopa, maalim." Nasi huuliza tena, "Umepata kwenda?" Wengi hujibu kuwa hawajapata kwenda hata mara moja. Basi hapo yatupasa tufikiri. Mtoto hakuzaliwa na khofu ya mahali asipopajua. Khofu hiyo amepewa, na aliyempa ni mtu ampendaye.

Sikilizeni maneno yasemwayo katika nyumba zetu tokea Pangani mpaka Mkinga. Mtoto akikataa kula huambiwa, "Nitakupeleka Bombo ukachomwe sindano." Akilia usiku huambiwa, "Nyamaza, daktari anakuja na koleo lake." Kaka yake aliyeng'olewa jino mwaka jana humhadithia khabari za damu, akiiongeza kila anapohadithia. Na babu yake, kwa mapenzi tu, humweleza jinsi watu wa zamani walivyoshikwa na wanaume wanne. Basi hospitali ile ya Bombo, iliyojengwa zama za Wadachi juu ya bahari, mahali penye upepo mwema, mtoto huijua kama jela kabla hajauona mlango wake. Kisha siku jino linapouma, mzazi yule yule aliyemtisha hutaka mtoto aende kwa furaha!

Na likishindikana hilo, hufuata jambo baya zaidi, nalo ni uwongo. Mtoto huvishwa nguo nzuri, akaambiwa, "Twende mjini tukanunue barafu." Njia nzima anafikiri juu ya barafu, mpaka anapoiona kanzu nyeupe. Ndugu zetu, tumesoma katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mama mmoja alimwita mtoto wake, akimwahidi kuwa atampa kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kuwa lau asingalimpa kitu chochote, angaliandikiwa uwongo. Tende moja, kwa mtoto mdogo, na bado jambo hilo lilihesabiwa! Itakuwaje basi kwa barafu isiyokuwako, ambayo mwisho wake ni sindano?

Tutawapa mfano tulioushuhudia sisi wenyewe. Alikuwako mwanafunzi wetu, mtoto wa miaka minane, hodari wa kuhifadhi. Jina lake hatulitaji, kwani sasa ni kijana mwenye haya zake. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka, na mama yake alikuwa safarini. Bibi yake akatuomba tufuatane naye, kwa kuwa magoti yalikuwa hayamruhusu. Tukampeleka mahali pamoja ambapo hatutapataja.

Tulingoja tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika hakuitwa kwa jina, iliitwa namba, na sauti ikaongeza, "Yule mwenye gego, haraka." Aliketishwa kwenye kiti kinachopanda na kushuka, nacho kikapanda ghafla bila ya mtu kumwambia kuwa kitapanda. Akauliza kwa sauti ndogo, "Itauma?" Akajibiwa, "Haiumi hata kidogo, fungua mdomo." Mara sindano ikaingia ufizini. Mtoto akapiga kelele, akauma kidole cha mtu, akashikwa mabega, akaponyoka, akatoka mbio mpaka barabarani. Hatusemi kuwa watu wale walikuwa wabaya. Walikuwa wamechoka, na nje palikuwa na foleni ndefu. Lakini tangu siku ile mtoto yule alijifunza kuwa mtu mzima asemapo "haiumi", maana yake ni kuwa itauma.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyumbani hakukubali tena hata kufungua mdomo atazamwe. Akatiwa karafuu, akasukutua maji ya chumvi, na baada ya siku kadha maumivu yakatulia. Jamaa zake wakamshukuru Mungu, wakadhani jino limepona. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Jino lililotoboka haliponi lenyewe. Likiacha kuuma bila ya kutibiwa, mara nyingi ni kwa sababu mshipa uliomo ndani yake umekufa, na uozo unaendelea kushuka kimya kimya mpaka mzizini. Miezi mitano baadaye mtoto alikuja chuoni na shavu limevimba, jicho la upande ule limeanza kufumba, na mwili una homa.

Mama yake alikuwa amerejea, wala haikuwako hiari tena. Tulikwenda naye, sisi na mama yake, kwenye hospitali nyingine, na humo tukamkuta tabibu kijana, mwanamke aliyejitanda mtandio wake. Alipotoka mlangoni alikuwa na kadi mkononi. Alimwita mtoto kwa jina lake na jina la baba yake, akamwamkia kabla ya kutuamkia sisi, akachutama hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Akamwuliza, "Na nyumbani wakuitaje?" Mtoto akalitaja jina la utani alilopewa na bibi yake. Akamwuliza, "Huyu ni maalim wako? Umefika juzuu ya ngapi?" Mtoto akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akainua kichwa.

Kisha akampa kioo kidogo chenye mpini akishike mwenyewe, akijitazame meno. Akamwambia, "Mimi leo nataka kuhesabu tu. Nihesabie, nami nifuate." Mtoto akahesabu kwa Kiarabu, kama tuhesabuvyo chuoni, wahid, ithnan, thalatha, na tabibu akafuata kwa ncha ya kijiti, mpaka wakafika ishirini na tatu. Akamweleza kuwa kiti kitapanda, kisha akakipandisha. Akamweleza kuwa taa itawaka, kisha akaiwasha. Siku ile hakumng'oa. Alimpa dawa ya kutuliza uvimbe, akamwambia kweli kuwa atakaporudi siku ya tano gego lile litang'olewa, na kuwa hatamficha jambo lolote.

Sisi tulikuwa na shaka kama mtoto atarudi. Alirudi, tena alitangulia mbele yetu mlangoni. Tabibu akamwambia, "Nitakupaka kwanza dawa ya ganzi juu ya ufizi. Kisha sindano utaisikia, kama mwenzio anavyokufinya, nawe utahesabu mpaka kumi. Baada ya hapo shavu litakuwa zito, kama mkono ulioulalia. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto." Mara mbili mtoto aliinua mkono, na mara mbili tabibu akasimama. Twadhani mara ya pili aliuinua ili ajue tu kama ahadi ni ya kweli. Machozi yalimtoka, hatukatai. Lakini hakushikwa na mtu, wala hakukimbia, na gego lilitoka.

Baada ya hapo tabibu alitueleza jambo ambalo lilituchoma moyo. Gego lile halikuwa la maziwa. Mtoto huwa na meno ya maziwa ishirini, lakini apatapo miaka sita hivi, nyuma ya meno hayo huota magego manne mapya, bila ya jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi hawayajui, huyadhani kuwa ni ya maziwa, wakasema, "Mwacheni, litang'oka, litaota jingine." Walakini haliotei jingine. Ni miongoni mwa meno thelathini na mawili ya utu uzima. Lau gego lile lingalizibwa siku zile tobo lilipokuwa dogo, yamkini lingalikuwamo kinywani mpaka leo. Basi pengo lile ni la maisha. Uozo uliuanza uharibifu, na ile miezi mitano ya khofu ikaumaliza.

Ndugu wasomaji, tabibu yule alifanya nini ambacho hakikufanywa mahali pa kwanza? Sindano ilikuwa ni ile ile, na koleo ni lile lile. Tofauti ni kuwa alimpokea mtoto kama mgeni mwenye jina. Sisi watu wa pwani twajulikana kwa ukarimu. Mgeni akibisha hodi hupewa mkeka na maji kabla hajaulizwa shida yake. Mtoto naye ni mgeni anapoingia chumba cha tabibu. Tena ni mgeni asiyekuja kwa hiari yake, na kwa hiyo haki yake ya kukaribishwa imezidi.

Na jambo hili kwa Waislamu si geni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipita penye watoto huwatolea salamu. Na khabari ya Abu Umair yajulikana na kila aliyesoma. Alikuwa mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, naye alikuwa na kindege akichezea. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika. Mtume alimwita kwa kuniya, kama aitwavyo mtu mzima wa heshima, akamwuliza khabari za kindege chake. Yeye aliyebeba mambo ya umma mzima alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto. Basi sisi tunaosema hatuna wakati, tuna shughuli gani iliyo kubwa kuliko ile?

Matabibu wetu wa kale nao waliifikiria khofu ya mgonjwa. Abul Qasim Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, katika kitabu chake kikubwa alichora zana za tabibu, na miongoni mwake zile za kukwangulia uchafu wa meno. Alieleza pia kisu kidogo kinachofichika ndani ya ala yake, cha kutumbulia jipu, ili mgonjwa asikione akaingiwa na khofu. Tazameni hekima hii. Kuficha makali ya chuma machoni pa mwoga ni huruma. Kumwambia kuwa chuma hakipo, ni uwongo. Na katika zama zetu, mwaka 1959, tabibu wa Marekani aitwaye Harold Addelston aliandika kanuni fupi ambayo matabibu wa watoto waifuata mpaka leo: mweleze mtoto, mwonyeshe, kisha ndipo ufanye. Bila shaka ndiyo kanuni aliyoifuata tabibu wetu yule kwa kiti na kwa taa.

Wala msidhani kuwa kheri zote za fani hii zimetoka ng'ambo. Kitu ambacho watoto wengi hukiogopa kuliko sindano ni mashine ya kuchonga jino, kwa mlio wake na mtetemeko wake. Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha matabibu wa meno cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenziwe waliijaribu njia nyingine. Mashine zilihitaji umeme na maji ya bomba, na vijijini vitu hivi vilikuwa adimu. Basi wakauondoa uozo kwa zana ndogo za mkono peke yake, kisha wakaliziba tobo kwa kitu cha kushikamana na jino. Kilichoanza kwa ajili ya uhaba kikaonekana kuwa ni rehema kwa mtoto, kwani hakuna mlio, na mara nyingi hakuna haja ya sindano. Njia hiyo ikaendelezwa Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Mwaka 2021 saruji maalumu ya meno itumiwayo katika kazi hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, ziliingizwa na Shirika hilo katika orodha ya dawa muhimu. Basi mzazi asione haya kumwuliza tabibu kama tobo la mwanawe laweza kuzibwa kwa zana za mkono. Lakini njia hii yafaa tobo likiwa bado halijafika kwenye mshipa, yaani mtoto aletwe mapema.

Baada ya hayo, twapenda kutoa nasaha chache.

Kwanza, kwa wazazi. Jina la tabibu lisitumiwe kuwa fimbo. Mtoto apelekwe siku ambayo haumwi. Wataalamu washauri safari ya kwanza iwe kabla hajatimiza mwaka mmoja, ili ajue kuwa mahali pale huhesabiwa meno, si kung'olewa tu. Aambiwe kweli, kwa maneno machache, bila ya kutia chumvi wala kuapa kuwa haiumi. Aende asubuhi, akiwa amelala vyema na amekula. Na nyumbani azoezwe mkono wa mtu kinywani: baba anapopiga mswaki kabla ya sala, kwa kuifuata sunna, mtoto naye awe pembeni na wake, kisha mzazi ammalizie magego ya nyuma. Mtoto aliyezoea hivyo haoni ajabu tabibu anapomwambia afungue mdomo.

Pili, kwa akina mama wenye watoto wachanga. Wako waganga wanaokwangua fizi za mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha, wakidai kutoa "meno ya plastiki". Meno hayo hayako. Kile cheupe kionekanacho ni jino lake mwenyewe, changa, ambalo bado halijatoka. Kulichimbua ni kumtoa damu, kumwingizia wadudu wa maradhi, na wako waliokufa kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye homa na kuharisha apelekwe hospitali, atibiwe homa na kuharisha.

Tatu, kwa walimu wenzetu. Mwanafunzi mwenye shavu lililovimba asichekwe, wala asilazimishwe kusoma kwa sauti. Mzazi wake aitwe siku hiyo hiyo. Na aliyekwisha tibiwa akarudi salama, apewe nafasi awahadithie wenziwe. Mtoto humsadiki mtoto mwenziwe.

Nne, kwa matabibu na wasaidizi wao, kwa heshima kubwa. Twajua kuwa ninyi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Walakini jina la mtoto limekwisha andikwa juu ya kadi, na kulisoma hakuchukui muda mrefu kuliko kusoma namba. Mwamkieni yeye kwanza, kisha mzazi wake. Mkimwambia ainue mkono ili msimame, basi simameni. Dakika tatu mnazozipoteza leo ndizo zitakazomfanya arudi kesho kwa miguu yake.

Wako watakaosema kuwa huku ni kudekeza, na kuwa mtoto wa kiume yapasa azoee maumivu. Twawajibu kuwa mwanafunzi wetu hakudekezwa. Aliambiwa kuwa sindano ataisikia, naye akaisikia. Ushujaa ni kukubali jambo gumu ulijuapo. Kushikwa mabega na watu wazima si ushujaa, ni kushindwa nguvu. Naye mwaka uliofuata alimchukua mdogo wake, mtoto wa kike wa miaka sita, akafuatana naye na mama yao kwa tabibu yule yule. Tulisikia kuwa njiani alikuwa akimfundisha mdogo wake: kiti kitapanda, taa itawaka, sindano inauma kidogo, na ukiinua mkono yeye husimama.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, na awape matabibu wetu subira na ujira mwema. Nasi wazazi na walimu atujaalie ndimi ambazo mtoto akizisikia ataziamini. Amin.